Stesheni wagoni iliyotumika: Hesabu kilometa kabla ya kuhesabu bei

Mfanyabiashara mdogo anapofikia hatua ya kununua gari la kwanza la kazi, mara nyingi hatafuti pikapu, wala gari la kawaida lenye buti. Anatafuta stesheni wagoni, yaani gari dogo ambalo paa lake linaendelea hadi nyuma, mlango wa nyuma unafunguka wote kwenda juu, na siti za nyuma hulala kupisha mzigo. Sababu inaeleweka. Siku za kazi gari hubeba katoni za sabuni, trei za mayai au robota la mitumba, na siku ya mapumziko gari hilo hilo hubeba mama, watoto na sufuria za pilau kwenda kwenye shughuli.

Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi hutumia wiki 2 kubishania bei na dakika 5 kufikiria gharama za kulitembeza gari. Dalali anapunguza sh. 300,000, watu wanapeana mikono kwa furaha, na mnunuzi anaondoka na gari litakalokula akiba hiyo kabla ya miezi 2 kuisha. Fedha inayoingia kwenye gari ni fedha iliyotoka dukani. Kwa hiyo ukurasa huu wiki hii unaacha kidogo bei za nafaka na hisa, unaangalia gari kama tunavyoangalia uwekezaji mwingine wowote: linaingiza nini, linakula nini, na siku ya kulitoa mkononi litarudisha kiasi gani.

Kilichopo sokoni

Kwa Tanzania soko hili limeshikwa na magari ya Japani, na miongoni mwao Toyota Probox na ndugu yake Succeed ndizo zinazoonekana zaidi kwenye shughuli za mzigo. Zilianza kutengenezwa mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mzigo, na zilibadilishwa sura mwaka 2014. Nyingi zilizoingia nchini zina injini ya cc 1,496 ijulikanayo kama 1NZ-FE, ambayo hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Zipo pia za cc 1,298. Probox ya mzigo ilipimwa kiwandani kubeba kilo 400 ikiwa na watu 2 tu. Siti zake za nyuma ni nyembamba, kelele za barabarani huingia ndani, na hakuna atakayeisifia kwa uzuri. Hata hivyo mafundi wanaijua kwa kichwa, na spea zake hazikosekani hata katika mji mdogo wa wilaya.

Inafaa kujua Probox hizi zilitoka wapi. Nyingi zilikuwa mali ya makampuni, zikiendeshwa na maofisa mauzo na mafundi wa huduma. Kwa hiyo nyingi zimetembea sana. Lakini sheria za huko zinataka gari la mzigo la aina hii likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 2 ya kwanza, wakati gari la abiria hukaguliwa kila baada ya miaka 2 likishapita ukaguzi wa kwanza wa mwaka wa 3. Kwa maoni yetu Probox yenye kilometa 160,000 zilizoandikwa kwa ukweli ni bora kuliko yenye kilometa 70,000 ambazo hakuna anayeweza kuzieleza.

Corolla Fielder ni gari la abiria hasa. Ya kwanza ilitoka mwaka 2000, ya pili mwaka 2006, ya tatu mwaka 2012. Ina siti nzuri, imetulia barabarani, na ikiwa na injini ya cc 1,500 haitofautiani sana na Probox kwa mafuta. Mnunuzi aangalie mambo 2. Kwanza, Fielder za mwanzo zenye injini ya cc 1,800 aina ya 1ZZ-FE zina sifa mbaya ya kula oili. Namba ya chasisi inayoanza na ZZE itakujulisha, wakati NZE ni ya cc 1,500. Pili, nyingi za toleo la mwaka 2006 na kuendelea zina giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, ijulikanayo kama CVT. Giaboksi hiyo inataka oili yake maalumu. Fundi akiweka oili ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, gari litatembea vizuri kwa muda, kisha mwenye gari atatafuta giaboksi nzima.

Nissan Wingroad bei yake huwa chini ya Fielder ya umri ule ule. Si gari baya kiasi ambacho soko linadai, lakini woga wa soko nao ni gharama, kwa sababu siku ya kuuza utakutana na woga ule ule uliokupa punguzo wewe. Subaru Legacy ni habari nyingine. Ina nguvu, inashika barabara, inavuta matairi yote manne, na gari la umri mkubwa hupatikana kwa bei inayomshawishi kijana mwenye duka lake la kwanza. Injini zake za cc 1,994 za miaka ile hutumia mkanda wa taimingi, ambao huko Japani hubadilishwa kila kilometa 100,000. Mkanda ukikatika safarini, vali hugonga pistoni na injini huharibika.

Wenye umri watakumbuka Peugeot 504 ya mistari 3 ya siti iliyotawala safari ndefu, hasa upande wa Kenya. Leo kazi ile katika sehemu nyingi za vijijini inafanywa na Probox, na kwa Arusha na Kilimanjaro gari la namna hiyo huitwa mchomoko. Hilo lina faida na hasara kwa mnunuzi, na tutalirudia.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa magari 2, Probox ya sh. milioni 14 na Legacy ya sh. milioni 9. Bei hizi na nyingine zitakazofuata ni za kufundishia hesabu tu; msomaji aweke za kwake kadiri alivyozikuta yadi. Petroli tuiweke sh. 3,000 kwa lita kwa urahisi. Bei halisi ya kikomo hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tukadirie Probox inakwenda kilometa 13 kwa lita na Legacy kilometa 9, na kwamba mwenye gari anatembea kilometa 20,000 kwa mwaka, ambazo ni kama 400 kwa wiki. Kwa msambazaji wa bidhaa hizo si nyingi.

Kwa mwaka Probox itatumia lita 1,538 za petroli, sawa na sh. 4,615,000. Legacy itatumia lita 2,222, sawa na sh. 6,667,000. Tofauti ni zaidi ya sh. milioni 2. Ile nafuu ya sh. milioni 5 iliyopatikana siku ya kununua itakuwa imekwishia kwenye pampu kabla ya mwaka wa 3 kufika katikati, na hatujagusa kitu kingine.

Sasa tuguse. Oili na chujio kila kilometa 5,000, yaani mara 4 kwa mwaka, tuweke sh. 480,000 kwa Probox na 640,000 kwa Legacy. Tairi seti moja kwa kila kilometa 40,000, kwa hiyo nusu seti kwa mwaka: 260,000 na 440,000. Bushi, shokapu, breki na mengineyo: 500,000 na 900,000. Legacy tuiongezee 300,000 kwa mwaka kama akiba ya mkanda wa taimingi. Bima kubwa kwa kiwango cha asilimia 3.5 ya thamani ni 490,000 kwa Probox na 315,000 kwa Legacy. Kushuka kwa thamani tukuchukulie kuwa sawa, sh. milioni 3.5 kwa kila gari katika miaka 3, au kama 1,167,000 kwa mwaka.

Bado kipengele ambacho wengi hukiacha, nacho ni mapato ya fedha iliyofungiwa ndani ya gari. Sh. milioni 14 zingeweza kuwa kwenye hati fungani za serikali, kwenye akaunti ya muda maalumu, au kwenye bidhaa rafuni. Tukichukua asilimia 10 tu, Probox inamnyima mwenyewe sh. 1,400,000 kwa mwaka, na Legacy sh. 900,000.

Jumla ya mwaka inakuwa sh. 8,912,000 kwa Probox na sh. 11,329,000 kwa Legacy. Ukigawanya kwa kilometa 20,000, kila kilometa ya Probox imegharimu kama sh. 446, na ya Legacy kama sh. 566. Mwenye Legacy aliyenunua kwa bei nafuu analipa zaidi ya sh. milioni 2.4 kila mwaka kwa kazi ile ile.

Lakini hesabu hiyo hiyo ikigeuzwa inatoa jibu lingine, na hapa ndipo wachumi wa vijiweni hukosea wanaposema gari linalokunywa mafuta halifai kwa mtu yeyote. Tofauti ya mafuta kati ya magari haya ni kama sh. 103 kwa kilometa. Ukiongeza tofauti ya oili, tairi na matengenezo unafika kama sh. 155. Kwa upande wa pili, Legacy inaokoa sh. 500,000 za mapato ya mtaji na 175,000 za bima, jumla 675,000 kwa mwaka, liende au lisimame. Gawanya 675,000 kwa 155 utapata kama kilometa 4,400. Mwenye kutembea chini ya hapo kwa mwaka, yaani kama kilometa 84 kwa wiki, gari la bei ndogo ndilo nafuu kwake hata likiwa na kiu.

Na kadiri fedha yako inavyozaa zaidi, ndivyo mpaka huo unavyosogea. Mwenye duka ambalo mtaji wake unazaa asilimia 20 kwa mwaka, badala ya 10, mpaka wake ni kama kilometa 7,600. Huyu akifungia sh. milioni 5 za ziada ndani ya gari jipya zaidi ili ajisifu kwa ulaji mdogo wa mafuta, huku gari likishinda limeegeshwa nyuma ya duka, atakuwa amepoteza. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mnunuzi ni kilometa ngapi kwa wiki. Asiyejua apime wiki 4 kwa gari la kukodi au kwa ramani, aandike.

Kipimo cha mafuta nacho kisichukuliwe kutoka kwa muuzaji. Jaza tangi hadi pampu ikate, andika kilometa, tembea shughuli zako za kawaida zikiwa na mzigo na foleni za kawaida, kisha jaza tena pampu ile ile hadi ikate. Gawanya kilometa kwa lita. Gari linalokwenda kilometa 14 kwenye barabara ya Morogoro alfajiri linaweza kwenda 9 jioni kati ya Kariakoo na Mbagala.

Jambo moja limebadilika katika hesabu hizi. Zamani mwenye gari alilipa ada ya leseni ya gari kila mwaka kulingana na ukubwa wa injini, gari likitembea au likiwa juu ya mawe. Bajeti ya mwaka 2017/18 ilifuta ada hiyo, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa kwa sh. 40 kwa lita. Mzigo ukahama kutoka kumiliki kwenda kutembea. Kwa asiyetembea sana ilikuwa nafuu. Kwa msambazaji imo tayari ndani ya bei anayolipa kituoni.

Gesi asilia

Wapo wanaonunua wakiwa na nia ya kufunga mfumo wa gesi. Kwa Dar es Salaam hoja ina nguvu, kwani kilo ya gesi imekuwa ikiuzwa takriban nusu ya bei ya lita ya petroli, na kilo hiyo inakwenda mbali kidogo kuliko lita. Lakini katika stesheni wagoni mtungi hukaa pale pale ambapo mzigo ungekaa, na uzito wake unatoka kwenye zile kilo 400. Dereva wa teksi ya mtandao hana hasara hiyo, kwa sababu yeye anauza siti. Mwenye kuuza nafasi ya mzigo afikirie mara 2. Ahesabu pia saa za kusubiri kwenye foleni ya kituo, na kwamba nje ya Dar es Salaam vituo ni vichache.

Kulikagua

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji mapema asiliwashe. Gari lililopashwa moto kabla hujafika linaficha mambo. Gusa boneti, ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Likiwa baridi fungua kifuniko cha rejeta na cha oili. Oili iliyochanganyika na maji huwa kama uji wa maziwa, na hapo mazungumzo yameisha. Liwashe, mtu asimame nyuma. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Otomatiki iingize kwenye D na R ukiwa umekanyaga breki. Ikichelewa kushika au ikipiga kishindo, hesabu bei ya giaboksi.

Kwa stesheni wagoni ukaguzi wa nyuma ndio muhimu kuliko wa mbele. Ondoa zulia la sehemu ya mzigo, toa tairi la akiba, angalia shimo lake. Maji au kutu humo ni dalili ya mpira wa mlango uliochoka, au ya kugongwa nyuma na kunyooshwa. Mpira huo ukichoka, kwenye barabara ya vumbi gari hunyonya vumbi hadi kwenye pua za abiria na kwenye bidhaa. Angalia kama mlango unasimama wenyewe ukiufungua. Lala chini uone springi za nyuma na sehemu zinaposhikia bodi.

Hapa ndipo tunarudi kwenye mchomoko. Probox iliyobeba abiria kupita kiasi kwa miaka 2 au 3 ikipigwa rangi na kushonewa siti mpya inaingia sokoni kama gari la mama mwalimu. Tafuta matundu ya boliti sakafuni ambako siti za ziada zilifungwa, bawaba za milango zilizolegea, fremu za siti zilizopinda, na chomelea mpya chini ya bodi. Upande wa faida ni kwamba shughuli hizo ndizo zinazofanya Probox iliyo nzima ipate mnunuzi haraka. Mwenye dharura ya fedha anajua thamani ya jambo hilo: Legacy inaweza kukaa miezi ikisubiri mpenzi wake, na mwenye haraka huishia kukubali bei ya dalali.

Zile zinazovuta matairi yote manne, kwa mfano Probox ya chasisi NCP55, nyingi zilitumika mikoa ya baridi ya Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kutu yake huwa chini, si ubavuni. Tairi nazo zina tarehe: tarakimu 4 za mwisho ubavuni, kwa mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Probox ya mzigo hutumia tairi za mzigo. Ukikuta imevalishwa tairi za kawaida, mwenyewe alikwepa gharama, na wewe utailipa.

Kuhusu namba, muuzaji atasema kwa majivuno kuwa gari ni "namba E". Herufi hiyo inaonyesha lilisajiliwa lini hapa nchini, haionyeshi lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi. Magari ya umri mkubwa yameendelea kuingia kwa kulipiwa ushuru wa ziada wa uchakavu, tofauti na Kenya ambako gari lililopita miaka 8 halikubaliwi kuingizwa. Anayefikiria kuagiza mwenyewe apitie kwanza mfumo wa TRA wa kukadiria kodi za magari yaliyotumika, kwa sababu umri wa gari unaweza kuifanya kodi ipite bei aliyolinunulia mnadani. Aombe pia karatasi ya mnada yenye kilometa na daraja la gari; herufi R katika daraja ni gari lililogongwa na kutengenezwa.

Karatasi

Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi na iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Jina kwenye kadi liwe la anayepokea fedha, au awe na mamlaka ya maandishi. Ukiambiwa kadi iko benki, gari lina mkopo. Malipo yafanyike benki hapo hapo, mkopo ufungwe, kadi ikabidhiwe mbele yako. Kwa namba ya gari, angalia faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi na madeni ya maegesho ya TARURA. Madeni haya yanafuata namba ya gari, na askari hatajali yalifanywa na nani. Gharama ya kuhamisha umiliki TRA, pamoja na ushuru wa stempu, ikubaliwe mapema ni ya nani, kwa sababu wengi huigundua wakiwa wamekwisha lipa. Mkataba ushuhudiwe na wakili, na uandikwe tarehe na saa ya makabidhiano, ili kosa la barabarani la asubuhi lisije likawa la mnunuzi wa jioni.